Anayekuona Saa Tisa

Kiti cha kwanza alichotaka kukikalia, Bi Gundi alikatazwa.

"Si hicho, mdogo wangu," dada yake alimwambia kwa sauti ya chini. "Hicho kina mwenyewe."

Kilikuwa kiti cha marehemu shemeji yake, cha mbao, chenye mto uliobonyea katikati kwa miaka ya kukaliwa na mtu mmoja. Zamani kilielekea redio. Sasa kilikuwa kimegeuzwa kikatazama mlango wa mbele, na pale palipobonyea palikuwa na kijiwe cha kijani, kidogo kama punje ya hindi. Bi Gundi akavuta kigoda cha jikoni, akaketi mkoba magotini kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

Bi Gundi halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mjalidi wa vitabu katika maktaba kuu, kazi yake kushona na kugandisha upya vitabu vilivyochakaa, na miaka ishirini na minane ya kazi hiyo ilimwachia vidole vyenye harufu isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Dada yake alikuwa muuguzi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Sista, kwa kazi yake. Bi Gundi alimwita Dada, kwa damu. Na wawili hao walizoea kutaniana kwamba umwite kwa lugha yoyote, dada ni dada tu.

Siku hiyo hapakuwa na utani. Kwa wiki tano kila Bi Gundi alipopiga simu aliambiwa "leo sina nafasi," mpaka akaamua kuja bila kubisha hodi ya simu. Sasa aliyaona aliyofichwa. Mapazia yalifungwa mchana kweupe. Kioo cha ukumbini kiligeuzwa uso ukutani. Kwenye kila dirisha, kijiwe cha kijani. Jikoni, pale friji iliposimama, ulibaki mraba safi sakafuni.

"Dada, friji iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Mbona?"

"Ilikuwa inanguruma. Inazuia."

"Inazuia nini?"

Sista aliitupia jicho saa ya ukutani, akanyanyuka katikati ya mazungumzo kama mtu aliyeitwa, akaenda kuketi kando ya dirisha lililofunikwa. Akatoa karatasi kifuani, akaikunjua mapajani, akaiwekea kiganja juu. Ilikuwa saa tisa kamili alasiri. Akafumba macho.

Bi Gundi aliita mara mbili, hakuitikiwa. Nyumba ilinyamaza kama imeshika pumzi. Kisha ndani ya kabati la vyombo glasi moja ikalia, nyembamba, kama imeguswa na ukucha. Hapakupita lori. Hapakufungwa mlango. Na Bi Gundi, ambaye hata utotoni hakuogopa mazimwi, aligeuka kukitazama kile kiti.

Kilikuwa kitupu. Akajilaumu kwa kukitazama.

Robo saa ilipopita Sista akafumbua macho, uso umemlainika kama wa mtu aliyekata kiu.

"Ameniona," alisema.

"Nani?"

"Bibi Mwonaji. Kila siku saa tisa ananitazama, huko aliko. Cheka tu."

"Sicheki, Dada." Na kweli hakucheka. "Nionyeshe hiyo karatasi."

Sista alisita. Siri, hata iwe tamu vipi, ina uzito wake, na yeye alikuwa ameibeba peke yake tangu mvua zilizopita. Akaitoa.

Juu palikuwa na picha ya bikizee mwenye macho ya upole, kitambaa cheupe kichwani. Chini yake maandishi ya mkono, ya wino wa buluu, yaliyoinama kidogo kulia:

*Mpendwa wangu Sista, jana sikulala kwa ajili yako. Naona kiti kitupu nyumbani mwako. Wiki hii ulisimama mlangoni ukidhani umesikia jina lako likiitwa. Hukukosea. Yupo anayetaka kurudi kukushika mkono, na bahati kubwa inakuja nyuma yake, lakini njia imezibwa. Nitumie sadaka ndogo ya kuifungua kabla mwezi haujaisha. Jihadhari: mtu wa damu yako, mwenye kazi ya mikono, atakuja kukukataza. Usimwonyeshe barua hii.*

"Mwenye kazi ya mikono," Sista alinong'ona. "Ni wewe huyo. Angejuaje?"

Bi Gundi aliirudia sentensi hiyo mara ya pili. Ila mikono ni mikono. Ikishika karatasi hufanya kazi iliyoizoea bila kungoja ruhusa ya kichwa. Kidole chake kilipita nyuma ya ukurasa. Mtu akiandika kwa kalamu, karatasi huumia kidogo, na upande wa pili kidole huhisi mabonde na matuta. Hii ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Akalamba kidole, akasugua herufi moja. Wino haukutoka. Akaigeuza bahasha: hapakuwa na stempu, ila ile chapa ya barua zinazotumwa kwa maelfu.

"Dada, hii haikuandikwa. Imechapwa na mashine."

Sista akaipokonya. "Aliniambia utasema hivyo!"

"Alisema nitasema nini?"

"Kwamba ni uongo."

Ungefanya nini na mtu ambaye kila ukimkanusha unamthibitisha? Bi Gundi akabadilisha njia, akauliza taratibu mambo yalianzaje. Yalianza kwa kadi, Sista alisema, kadi ya bahati nasibu iliyokuwa ndani ya gazeti kwenye benchi la kliniki. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, na vimaswali viwili vitatu: unaishi peke yako? Umefiwa karibuni? Akajaza. Zikaja barua kwamba ameshinda, kwanza gari, kisha safari, kila mara alipe kwanza ada ya kumfikishia zawadi. Alilipa. Zawadi hazikufika. Halafu, katika wiki ile aliyokuwa amekata tamaa, akaja Bibi.

"Huyo hakuniambia nimeshinda kitu," Sista alisema. "Aliniuliza kama ninalala."

Bi Gundi aliondoka na kadi moja tupu iliyokuwa imebaki kwenye droo. Aliijaza siku iliyofuata kwenye meza yake ya kazi. Jina aliokota kati ya vitu vilivyokuwa mbele yake: Bi Mkasi Karatasi. Mjane. Anaishi peke yake. Tarehe ya kuzaliwa akanakili ile iliyochorwa kwenye chuma cha mashine ya kukandamizia vitabu, ambayo ilimfanya Bi Mkasi awe na miaka sabini na moja. Anwani akaweka ya nyumba yake mwenyewe. Alipoitia kwenye sanduku la posta alijicheka kidogo.

Siku ya tisa Bi Mkasi alishinda gari.

Siku ya ishirini na moja ikaja bahasha nene yenye kitu kigumu pembeni. Bi Gundi aliifungulia katika karakana yake ya maktaba, milango wazi, jua limejaa mezani. Kijiwe cha kijani kikamdondokea kiganjani. Akasoma. *Mpendwa wangu Bi Mkasi, jana sikulala kwa ajili yako. Naona kiti kitupu nyumbani mwako. Wiki hii ulisimama mlangoni ukidhani umesikia jina lako likiitwa.*

Akakoma.

Jumanne ya wiki ile, akitoka kwenda kazini, alikuwa amesimama mlangoni pake, ufunguo mkononi, kwa sababu alisikia jina lake. Si Bi Gundi. Lile la utotoni, alilokuwa akiitwa na mama yake peke yake. Alisikiliza kwa muda, akaona ni upepo, akaondoka. Hakumwambia mtu yeyote. Na sasa mtu alikuwa amemwandikia habari hiyo mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa, mwanamke wa mkasi na karatasi, aliyekuwa na tarehe ya mashine. Kwa dakika kadhaa Bi Gundi hakuthubutu kutazama nyuma yake. Ilikuwa kana kwamba Bi Mkasi yupo, ameketi mahali fulani ndani ya chumba kile, naye amefurahi kuandikiwa.

Gundi ilianza kuganda chunguni ndipo akili ikamrudi. Alijiuliza swali moja tu: ni nani aishiye peke yake ambaye hajawahi kudhani ameitwa? Na kiti kitupu, nyumba gani haina? Hata kazi ya mikono: kuna kazi isiyo ya mikono? Barua haikuwa na macho. Ilikuwa nguo iliyoshonwa pana makusudi ili imfae kila anayeivaa, na mvaaji ndiye aliyejikazia mshipi.

Jumamosi alikuwa kwa dada yake kabla ya saa tisa.

"Sikuja kukukataza," alisema mlangoni. "Mimi pia nimeandikiwa."

Sista alimtazama kwa jicho ambalo Bi Gundi hakulitarajia. Lilikuwa wivu. Akaipokea barua, akaisoma amesimama, midomo ikicheza. Na midomo ilikuwa ikitangulia macho, kwa kuwa maneno aliyajua kwa moyo.

"Bi Mkasi ndiye nani?"

"Hakuna mtu kama huyo, Dada. Nilimtunga. Kaa na barua yangu, nipe yako. Sitaichana, nakuapia kwa kaburi la mama."

Wakaenda dirishani. Bi Gundi akafungua pazia, na mwanga ambao haukuwa umeingia chumba kile kwa miezi ukawapiga usoni wote wawili. Akaweka karatasi moja juu ya nyingine, akazilinganisha kingo kwa vidole gumba kama anavyolinganisha kurasa kabla ya kuzishona, akazibandika kwenye kioo.

Herufi zililaliana. Kila mkia wa herufi, kila nukta, kila mahali ambapo kalamu ilionekana kusita na kuendelea, vyote vilizama ndani ya vyenzake mpaka zikawa barua moja. Majina tu ndiyo yaliyokataa. Sista na Bi Mkasi walipandana pale juu, doa la wino lisilosomeka.

"Mtu anaweza kuandika sawa mara mbili," Sista alisema.

Bi Gundi alikuwa ameona kitu kingine. Chini ya neno "sikulala" palikuwa na duara dogo ambapo wino ulikuwa umefifia, kama umedondokewa na tone la maji. Sista alikuwa amepagusa sana mahali hapo, karatasi imeng'aa kwa kuguswa.

"Na hili, Dada?"

"Hilo ni chozi lake," Sista alisema. "Alilia alipokuwa ananiandikia."

Chozi la Bi Mkasi lilikuwa mahali pale pale. Ukubwa ule ule, ukingo ule ule uliochongoka upande wa kushoto. Sista aliweka ncha ya kidole juu ya kioo, akakiacha hapo. Muda ukapita. Saa ya ukutani ikafika tisa, na yeye bado amesimama. Kabatini glasi ikalia tena. Sista akashusha mkono, akaenda akalifungua kabati, akaitafuta ile glasi katika safu, akaitoa na kuiweka kwenye beseni la kuoshea.

"Ina ufa," alisema kiuuguzi. "Siku nyingi ilikuwa ya kutupwa." Kisha akaketi sakafuni, kwenye ule mraba wa friji, akalia kwa sauti ambayo Bi Gundi hakuwahi kumsikia nayo, hata siku ya mazishi.

*

Jumatatu walikwenda posta na kapu lenye barua mia na kumi na nne. Bi Gundi alikuwa amemzuia dada yake asizichome. "Moto utatupoza roho, ila utawafurahisha wao," alimwambia.

Karani wa posta, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alizipanga bahasha kaunta nzima. Majina ya watumaji yalikuwa kumi na moja: makampuni ya zawadi, Bibi Mwonaji, Bibi mwingine wa nyota, mzee mmoja wa namba za bahati. Akageuza zile bahasha ndogo za kurudishia majibu, akagonga kwa kalamu. Zote zilielekea sanduku moja.

"Nyinyi ni wa saba mwezi huu," alisema.

"Saba waliolalamika?" Bi Gundi aliuliza.

"Nyinyi mmelalamika. Wale sita walikuja kuuliza kwa nini barua za Bibi zimechelewa."

Akawapeleka kwa mpelelezi wa kitengo cha ulaghai, mwanamama mfupi mwenye kikohozi kisichokwisha, ambaye aliandika kila kitu na kuwapa masharti. Wasitume hata shilingi. Namba ya simu ibadilishwe. Benki iambiwe. Na barua zikija, zisijibiwe kabisa, ziletwe kwake zikiwa zimefungwa.

"Nilitaka kumwandikia aache," Sista alisema. "Mara moja tu. Nimtukane."

"Usithubutu, mama. Ukiandika, hata tusi, wanajua nyumba hiyo ina mtu ndani. Jina lako litauzwa ghali zaidi."

Barua ziliendelea. Bibi alisikitika, kisha akaonya, kisha akatisha: *naona kivuli kimesimama nyuma ya kiti chako.* Mara nyingine Sista alizipeleka kwa mpelelezi zikiwa zimefungwa, mara nyingine mikono ilimshinda, na siku hizo alimpigia mdogo wake simu, nao wakakaa kila mmoja na chombo chake sikioni mpaka hamu ya kujibu imtoke. Baada ya siku kumi za namna hiyo Bi Gundi alifunga virago vyake akahamia kwa dada yake. Usafi wa kwanza alioufanya ni kukigeuza kioo cha ukumbini.

Wiki ya saba mpelelezi aliwaita. Walikuta chumba kirefu kilichojaa magunia. Yote yalikuwa yametolewa, alisema, kwenye ghorofa moja juu ya duka la ndoo na mifagio. Kulikuwa na mashine ya kuchapa, mashine ya kukunja, na mashine ya kupasulia bahasha. Wanaume watatu wamekamatwa.

"Na Bibi?" Sista aliuliza.

"Hakuna Bibi, mama. Picha waliinunua. Hata wao hawamjui ni nani."

Sista alitikisa kichwa polepole. "Basi saa tisa nani alikuwa ananitazama?"

Mpelelezi alikohoa, akatazama pembeni. "Hakuna mtu."

"Miezi yote ile."

"Hakuna mtu, mama."

Bi Gundi alikuwa ameinama kwenye gunia la karibu. Bahasha zilikuwa zimepasuliwa upande mmoja, mpasuo safi, na ndani, baada ya pesa kutolewa, vilibaki vyote vingine. Picha za watoto. Pete ya bandia. Vishungi vya nywele vilivyofungwa uzi, vingi mno, vyeupe kwa vyeusi, vikimwangukia mikononi kila alipoinua bahasha. Na barua. Akatambua mwandiko wa dada yake, akazitoa moja moja, zilikuwa saba. Akazikagua kwa kidole kama alivyokagua ile ya kwanza, na hapo ndipo moyo ulimwuma kweli. Karatasi iliyokunjuliwa na kukunjwa tena hulegea mkunjo. Hizi mikunjo yake ilikuwa mikali kama siku ilipokunjwa. Hazikuwahi kufunguliwa.

Alifikiri amfiche. Lakini Sista alikuwa ameshaona uso wake.

"Hazikusomwa," Sista alisema.

"Hapana, Dada."

Muuguzi yule mstaafu alisimama kati ya magunia, akayahesabu kwa macho kama vitanda vya wodi. Halafu akamwuliza mpelelezi: "Hawa wengine wote mtawafanyia nini?"

Kwa kweli mpelelezi hakuwa na watu wa kutosha. Ilibidi kila bahasha ifunguliwe, mwenyewe atafutwe, aambiwe aache kutuma. Basi ikawa kila Jumanne na Alhamisi Sista yuko pale, miwani puani, meza mbele, anasoma. Na Bi Gundi akitoka maktaba humpitia na kukaa naye kupanga karatasi. Sista hakuruka ukurasa hata mmoja. Kila mwenye anwani alimwandikia kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa kujazia chati za homa, kumweleza alivyotapeliwa na afanye nini barua nyingine ikija.

Alhamisi moja akaja mzee mrefu, koti limemzidi mabega, kofia kashika mkononi. Alikuwa amepata barua ya Sista. Hakutaka habari za Bibi wala za pesa.

"Nilimtumia nywele za mke wangu," alisema. "Aliniambia anazihitaji kuona njia. Ndizo zilizokuwa zimebaki. Nimekuja kuzifuata."

Sista akainuka, akaenda kwenye rafu alikopanga vitu kwa majina, akarudi na bahasha ya kahawia. Mzee aliifungua akachungulia, akaifunga haraka kama mtu anayeogopa upepo. Aligeuka aende, akasita.

"Barua yangu. Niliandika kurasa nne. Aliisoma?"

Bi Gundi alimtazama dada yake.

"Imesomwa, mzee wangu," Sista alisema. "Yote."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mzee akavuta kiti, akakaa, kofia akaiweka mezani.

"Kwa hiyo unajua habari ya mguu wake, alivyokuwa akiuburuta na bado anataka kutangulia mbele."

"Najua," Sista alisema, akaweka kalamu chini. "Lakini hukuandika ilikuwaje akaumia. Hebu nieleze."